Jezi ya Marehemu

Jezi yenyewe niliinunua Karume, pale Ilala, mwaka 2009, kwa shilingi elfu mbili na mia tano. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko Dar natafuta maisha, na maisha nayo yananikwepa. Muuzaji alikuwa amemwaga mzigo juu ya turubai, sisi tumeinama tunachambua, yeye kasimama juu yetu anapiga makofi na kuimba: "Chagua hapo washkaji, vitu vya Ulaya hivyo!"

Nikacheka peke yangu. Kwetu Zombo, Ulaya ni kata ya jirani. Sitanii. Ipo wilaya ya Kilosa, na mtu anaamka asubuhi anakwenda Ulaya kumsalimia shangazi yake, jioni karudi na mkungu wa ndizi kichwani. Ukiwa mtoto wa kule, mwalimu akikwambia kwamba Ulaya kuna theluji, swali la kwanza ni Ulaya ipi.

Lakini ile jezi haikutoka Ulaya ya aina yoyote. Mgongoni ilikuwa na maandishi ya Kijapani, yale yale tunayoyaona ubavuni mwa daladala ambazo hazijapakwa rangi. Mbele ilikuwa na neno moja la herufi zetu: Flügels, hiyo u ikiwa na nukta mbili juu yake kama macho. Kitambaa kizito, hakijachanika popote. Nikaivaa siku hiyo hiyo. Maskani kwetu Tandika wakanipa jina, Mjapani, na mimi nikalifurahia, maana lilinipa jibu jepesi kila nilipoulizwa natokea wapi.

Wazee wetu waliziita nguo za mitumba "kafa Ulaya". Maana yake mwenyewe amekufa huko, ndugu wamegawa nguo zake, ndizo hizo zimetufikia. Ni utani wa zamani na watu wengi wameusahau. Mimi niliukumbuka wiki chache baadaye, nilipolipia nusu saa kwenye kafe moja ya intaneti Kariakoo nipate kujua nimevaa timu gani. Nusu saa haikutosha, nikaongeza nyingine. Kumbe nilikuwa nimevaa jezi ya marehemu.

Ndugu msomaji, nikusimulie kwa kifupi. Yokohama Flügels ilikuwa moja kati ya timu kumi zilizoanzisha ligi ya kulipwa ya Japani mwaka 1993. Jina lake ni neno la Kijerumani, maana yake mabawa, kwa sababu mwenye timu alikuwa shirika la ndege la All Nippon Airways. Shirika hilo lilibeba mzigo wa timu pamoja na kampuni moja ya ujenzi, Sato Kogyo. Haikuwa timu ya kubahatisha. Ilichukua Kombe la Mfalme wa Japani, na mwaka 1995 ikachukua Kombe la Washindi la Asia.

Halafu uchumi wa Japani ukayumba. Kampuni ya ujenzi ikasema haiwezi tena. Shirika la ndege nalo likaona mzigo ni mkubwa mno kuubeba peke yake. Oktoba 1998 ikatangazwa kwamba Flügels itaunganishwa na Yokohama Marinos, yaani wapinzani wao wa mji ule ule, timu iliyozaliwa na kiwanda cha magari cha Nissan. Ndiyo, Nissan hao hao tunaobanana ndani ya magari yao kila asubuhi. Wachezaji hawakuulizwa, mashabiki hawakuulizwa. Hebu fikiria uamke asubuhi uambiwe kuwa kuanzia mwakani Simba na Yanga ni timu moja, na jina litakalobaki si la kwako.

Mashabiki wakakusanya saini, wakasimama barabarani na mabango. Haikusaidia. Wachezaji wao wakafanya kitu kimoja tu walichokuwa na uwezo nacho, wakaacha kufungwa. Tangu siku ya tangazo hawakupoteza hata mechi moja. Wakamaliza ligi wanashinda, wakaingia Kombe la Mfalme wanashinda, kila mechi wakijua kuwa wakifungwa hakuna nyingine. Tarehe 1 Januari 1999, Tokyo, wakacheza fainali na Shimizu S-Pulse. Wakashinda 2-1. Wakapokea kombe, wakalia, wakaenda kuoga. Baada ya hapo timu haikuwepo tena. Marinos walibakisha herufi F mbele ya jina lao, na hiyo herufi ndiyo kaburi lake.

Nilitoka pale kafe nimeinamisha kichwa. Si kwa ajili ya Wajapani peke yao. Ilikuwa kwa ajili ya mjomba wangu.

* * *

Mwaka 1999 mimi nilikuwa darasa la tatu Zombo. Nyumbani kulikuwa na redio moja ya National, ya mjomba, kaka yake mama, imefungwa mpira wa baiskeli kwa sababu mfuniko wa betri ulishapotea. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati mpaka saa kumi, usiku zinasema tena kidogo. Waya wa antena ulipanda juu ya mpapai. Papai likianguka upande ule, Radio Tanzania inapotea, na mjomba anatoka nje na tochi kuusema mti.

Kijijini kote watu walikuwa wa aina mbili, kama ilivyo nchi nzima: Simba na Yanga. Mtoto anazaliwa, kabla hajapata jina timu yake inajulikana. Mjomba pekee hakuwemo. Yeye alikuwa Mtibwa.

Alikuwa na sababu. Ujana wake aliuacha kwenye mashamba ya miwa. Watu wa kwetu wengi wakitafuta kazi ya sukari huteremkia Kidatu, maana ndiyo njia yetu, unapita Mikumi unashuka. Yeye alimfuata rafiki yake upande wa pili, akapita Kilosa, Dumila, Magole, mpaka Turiani. Akawa mkata miwa wa msimu. Miwa huchomwa moto kwanza ndipo ikatwe, kwa hiyo mkataji akitoka shambani ni mweusi wa masizi kuanzia nywele mpaka kucha, meno tu ndiyo yanaonekana. Mjomba alituambia kuwa jioni, nyuso zikishaoshwa, ndipo mnatambuana nani ni nani. Na wakishatambuana, wanacheza mpira.

Mwaka 1988 wafanyakazi wachache wa kile kiwanda wakaunda timu. Ilianzia chini kabisa, kwenye madaraja yasiyotangazwa redioni. Mjomba alikuwepo. Hakuicheza, miguu yake haikuwa na habari na mpira, lakini alisimama pembeni. Hilo ndilo jambo alilojivunia kuliko yote maishani. "Hawa si watu wa gazetini," alikuwa akisema. "Hawa nimepanga nao foleni ya mshahara."

Timu ikapanda daraja, ikapanda tena. Yeye akarudi Zombo kulima mahindi na ufuta, ila masikio yake yalibaki Turiani. Basi bwana, mwaka 1999 Mtibwa Sugar wakawa mabingwa wa Tanzania Bara.

Naomba uelewe uzito wa jambo hilo. Yanga ilianza mwaka 1935, Simba 1936. Tangu ligi ya taifa ianze miaka ya sitini, waliothubutu kulichukua kombe kutoka kwa hao wawili unaweza kuwataja bila kuvuta pumzi mara mbili. Mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa umeonja mara moja, Mseto, mwaka 1975. Tukuyu Stars walifanya maajabu yao 1986. Coastal Union ya Tanga 1988. Sasa timu ya wakata miwa, uwanja wake Manungu upo katikati ya mashamba, ukipiga shuti likapaa unaufuata mpira ndani ya miwa, hiyo timu ikachukua ubingwa. Na mwaka 2000 ikachukua tena! Mjomba alinibeba begani usiku ule wa pili, tukazunguka nyumba mbili tatu, yeye anagonga milango ya watu wa Simba na Yanga na kuwaambia, "Amkeni, mbona mmelala mapema?" Bibi akatoka akamkemea kwamba ataleta ugomvi. Hakusikia. Mimi nilikuwa nimemshika nywele, juu kule, naiona Zombo yote gizani, na nikaapa moyoni kwamba mimi ni Mtibwa mpaka kufa.

Kiapo cha mtoto wa darasa la nne.

* * *

Nilipofika Dar nilidumu nacho wiki mbili. Maskani wakaniuliza timu. Unaijua ile kimya kidogo kabla mtu hajajibu? Nikasema Yanga. Wakanisogezea nafasi kwenye benchi. Wakauliza kwetu wapi. Nikasema Moro. Moro ipi? Moro Mjini. Naam, ndivyo ilivyo rahisi. Maneno mawili na unakuwa mtu wa mjini.

Nilianza kuandika hadithi miaka hiyo hiyo. Bado ninalo daftari. Watu wote humo ndani wanaishi Masaki, wana mbwa wakubwa na mabwawa ya kuogelea. Mimi sijui kuogelea, na Masaki nilikuwa nimefika mara moja, nimembebea mtu friji. Lakini niliamini hadithi lazima itokee huko, kama vile niliamini timu lazima iwe ya Kariakoo. Zombo ina nini cha kusimulia? Mpapai na redio?

Mwaka 2012 mjomba akaja Dar kutibiwa macho. Alifikia kwangu, chumba kimoja, yeye kitandani mimi chini. Jioni ya pili nikatoka naye, nikamkalisha maskani apunge upepo. Vijana wakamwamkia vizuri tu, "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu." Kisha mmoja akamchokoza: "Mzee, wewe upande gani, Msimbazi au Jangwani?"

"Mimi Mtibwa," akasema mjomba, kama mtu anayetaja jina la baba yake.

Wakaangua kicheko. Si kicheko kibaya, kile cha kijiweni tu. Mmoja akasema, "Mzee, hiyo ni timu ya kampuni hiyo, haina wenyewe! Wakiacha kuuza sukari imekufa!" Wakacheka tena. Na mimi nikacheka. Nikacheka kuliko wote, kwa sababu nilitaka kicheko kiishe kabla hajasema neno lingine, kabla hajanigeukia na kusema, "Muulizeni huyu, nilimbeba begani."

Hakunigeukia. Alitazama chini, akaizungusha fimbo yake mchangani. Usiku, taa imeshazimwa, nikamsikia kitandani: "Umeshakuwa mtu wa mjini, mpwa wangu." Nikajifanya nimelala. Misumarini juu ya kichwa changu ilikuwa inaning'inia ile jezi.

* * *

Neno la yule mshikaji lilinikaa, kwa sababu si uongo wote. Timu ya kampuni haina wenyewe. Hebu tazama nyuma. Tulikuwa na Reli ya Morogoro, watu wakiiita Kiboko ya Vigogo. Tulikuwa na Sigara, na Ushirika ya Moshi, na Tumbaku. Pamba ya Mwanza, Bandari. Ukiyasoma majina yao ni kama unasoma orodha ya vitu ambavyo nchi hii ilizalisha na kusafirisha. Mashirika yalipoyumba na kuuzwa miaka ile ya tisini, nyingi zikafifia, nyingine zikazimika kabisa. Hakuna aliyetangaza msiba. Siku moja unagundua tu kuwa hujalisikia jina hilo redioni muda mrefu.

Wajapani nao walitoka huko huko, na mimi sikulijua hilo mpaka jezi iliponilazimisha. Urawa Reds ilianza mwaka 1950 kama timu ya wafanyakazi wa Mitsubishi. Timu ya Yamaha ikawa Júbilo Iwata, ya Mazda ikawa Sanfrecce Hiroshima. Na Matsushita, wale waliotengeneza redio yetu ya National pale Zombo, timu yao leo ni Gamba Osaka. Ligi yao ya kulipwa ilipoanza 1993, waliagizwa waache kujiita kwa majina ya makampuni, wajiite kwa miji yao, ili timu iwe ya watu wa mahali. Wazo zuri. Lakini kilichowapata Flügels kinaonyesha kuwa unaweza kubandika jina la mji kifuani na bado daftari la hesabu likabaki ofisini kwa mtu mwingine.

Sisi Mtibwa hatukubadili kitu. Jina limebeba vyote viwili, Mtibwa ndipo mahali, Sugar ndiyo kazi. Nikiliangalia leo naona ni jina la kweli zaidi. Halimfichi anayelipa, na halimfichi anayekata.

Kuna sehemu ya hadithi ya Yokohama ambayo sijaisema bado. Wale mashabiki, timu ilipokufa, waliambiwa wahamie Marinos. Wengi wakakataa. Wakachanga pesa zao wenyewe na kuanzisha klabu mpya, Yokohama FC, mwaka ule ule wa 1999. Wakaanzia daraja la tatu, kwenye ligi iitwayo JFL. Wakawa mabingwa wa daraja hilo mwaka 1999, wakawa mabingwa tena mwaka 2000.

Soma tena hiyo miaka. Ni ile ile. Wakati mjomba anagonga milango Zombo usiku, upande wa pili wa dunia kulikuwa na watu wengine wanaoshangilia timu ndogo ambayo hakuna aliyeitegemea, miaka miwili mfululizo. Hawakujua habari zetu na sisi hatukujua zao. Nilipoziweka hizo tarehe pamoja nilitamani kumpigia simu mjomba saa ile ile. Sikupiga. Ningeanzia wapi? Kucheka kwangu kulikuwa bado katikati yetu, na kila mwaka uliopita kulikuwa kunaota mizizi. Hata Juni 2018, Mtibwa walipowafunga Singida United 3-2 Arusha na kuchukua Kombe la Shirikisho, sikupiga.

* * *

Mwaka 2024 Mtibwa wakashuka daraja. Zaidi ya robo karne Ligi Kuu, halafu wakamaliza wa mwisho. Mwaka huo huo Pamba ya Mwanza ikarudi Ligi Kuu baada ya kupotea miaka zaidi ya ishirini. Maskani hakuna aliyesema kitu, ilipita kama habari ya mvua ya mkoani. Mimi nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi.

Nilishuka Mikumi, nikapanda bodaboda. Mjomba alikuwa kibarazani. Macho yake yamepungua sana, alinitambua kwa sauti. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Nani, Mjapani?" Kumbe hata hilo jina lilimfikia.

Nikatoa jezi kwenye begi nikamwekea mikononi. Imepauka, kola imelegea. Akaipapasa, akaisogeza puani. Akauliza timu gani. Nikamsimulia yote, kama nilivyokusimulia wewe: shirika la ndege, wajenzi, tangazo la Oktoba, kombe la mwaka mpya. Halafu nikasema lile nililolibeba tangu 2012. Nikasema, "Mjomba, siku ile Tandika nilicheka." Akasema, "Nilisikia." Kisha akanyamaza, na mimi nikanyamaza, kuku wakapita.

"Yule kijana alisema kweli kidogo," akasema baadaye. "Kampuni ndiyo inayolipa. Lakini Reli ilipopotea, nani alilia? Alilia mkurugenzi?"

Akaikunja jezi vizuri, mikono ndani, kama inavyokunjwa nguo ya msiba.

"Na hao waliochanga wakaanzisha yao, wako wapi sasa?"

Nikamwambia ukweli, kwamba walifika mpaka daraja la kwanza mwaka 2007, wakashuka, wakapanda, wakashuka tena. Kwamba mpaka leo ndiyo maisha yao, kupanda na kushuka.

Mjomba akacheka. Mara ya kwanza siku ile. "Basi ni wazima hao," akasema. "Marehemu hashuki daraja."

Jezi niliiacha kwake. Mwaka 2025 Mtibwa wakapanda tena Ligi Kuu. Siku hiyo simu yangu ikabipiwa mara mbili, jina la mjomba. Nilikuwa maskani, wote wamekaa. Nikampigia pale pale, nikaweka sauti kubwa wasikie. Salio likaisha kabla hatujamaliza, na mmoja akauliza, "Nani huyo anapiga kelele hivyo?"

"Mjomba wangu," nikasema. "Wa Zombo. Sisi ni Mtibwa."

Wakacheka. Nikawaacha wacheke mpaka wakamaliza.